Maneno Chini ya Picha ya Bakari

Juzi binti yangu alikuja na kompyuta yake, akaketi kando yangu, akaniuliza afanye nini ili maneno ya chini ya picha yasiruke yakaenda kwingine. Walikuwa wamepewa kazi ya shule kuhusu ndege wa pwani. Alikuwa na picha ya korongo na picha ya membe, na kila alipoongeza mstari juu, jina la korongo liliteremka likakaa chini ya membe. Nikamwonyesha. Chora kisanduku, tia picha ndani yake, tia na maneno, halafu vitakwenda pamoja popote viendapo. Akashangaa kwamba najua mambo hayo. Nikamwambia nilijifunza nikiwa mdogo kuliko yeye. Kisha nikasema kuna kitu nimekisahau jikoni, nikaenda nikasimama mbele ya jiko lililozimwa mpaka aliponiita.

Aliyenionyesha mimi aliitwa Rhoda. Nyinyi wa rika langu mliokulia Likoni mtazikumbuka zile ofisi za kupiga chapa, nyuma ya soko, ambapo kompyuta ilikuwa moja tu na ilivishwa kitambaa cha kufuma kama bibi harusi. Mlango ulifungiwa pazia ili vumbi lisiingie, na viatu ulivua nje. Rhoda alikuwa msichana wa Ukambani, mpole, mwenye kupaka nywele mafuta ya nazi tangu aje pwani, na humo ndani harufu ya mafuta hayo ilichanganyika na harufu ya karatasi iliyopata moto. Harufu hiyo hata leo nikikutana nayo kwenye duka la kuchapishia, mguu wangu husita.

Tulimwendea Rhoda kwa ajili ya kaka yangu Bakari.

Bakari alikuwa kifungua mimba, mimi kitinda mimba, na kati yetu palikuwa na miaka mingi na watoto wawili ambao mama hakuwataja. Kwa hiyo kwangu alikuwa nusu kaka, nusu mzazi. Ndiye aliyenipeleka chuoni kusoma Kurani, ndiye aliyenitoa miiba ya miguuni, na ndiye aliyenifundisha kuzijua meli. Kwetu meli hupita karibu mno. Palikuwa na mahali, kati ya nyumba mbili, ambapo ukisimama ulikuwa ukiona ukuta wa chuma ukipita taratibu, kana kwamba nyumba ya jirani imeng'oka ikaamua kuhama. Bakari alikuwa akinipandisha begani, ananiambia hii bendera ya wapi, hii imebeba nini, hii ikitoka hapa inakwenda wapi. Nilidhani anajua kwa sababu ni mkubwa. Sikujua kwamba mtu huvijua hivyo kwa kuvitamani.

Alipomaliza shule hakupata kazi. Akawa anashinda maskani na vijana wenzake, na baba akaingiwa na hofu. Baba alikuwa karani wa kuhesabu mizigo bandarini, mtu wa maneno machache, aliyepiga pasi shati lake mwenyewe. Aliongea na mnyapara mmoja, Bakari akapata kibarua cha kupakua magunia. "Akae karibu nami nimwone," baba alimwambia mama. Sentensi hiyo niliisikia siku ile mara moja tu, lakini miaka iliyofuata nilimsikia baba akijisemea peke yake, akiwa msalani au akifunga vifungo vya shati, kama mtu anayerudia hesabu iliyomshinda.

Asubuhi aliyoondoka, Bakari alikula mahamri yake kwa mbaazi, kisha akala na yangu, akasema atanilipa chokoleti ya Ulaya. Nikalia kwa ajili ya hamri. Akacheka, akanifuta mashavu kwa kiganja chake, akatoka. Jioni baba alirudi peke yake. Alisema Bakari amebaki kazini. Siku ya pili yake ndipo habari zilipofika kwamba vijana watatu wa kundi lile hawakuonekana getini wakitoka, na kwamba meli moja iling'oa nanga usiku. Jirani aliyeleta habari alisimama uani akasema kwa sauti ya chini, "Wamezamia."

Mimi nilifahamu kwamba wamepiga mbizi. Nilimwona Bakari akiruka gatini, akipita chini ya meli na kutokea upande wa pili, jinsi alivyokuwa akifanya kule ufukweni Shelly tukimpigia makofi. Nikamwendea mama, ambaye alikuwa ameketi juu ya kinu kilicholala, nikamwambia asihofu, Bakari ni hodari wa kuogelea kuliko wote. Mama akanivuta akanikumbatia, akanibana kichwa kifuani mpaka sikio likaniuma. 

Wiki zikapita bila habari. Ndipo mama alipoona, ubavuni mwa kibanda karibu na kivuko, karatasi yenye picha ya mtoto aliyepotea, imepigwa chapa vizuri, ina maneno chini. Akauliza imetengenezwa wapi. Akaambiwa kwa Rhoda.

Tulikwenda watatu, mama, baba na mimi. Picha tuliyokuwa nayo ilipigwa studio wakati wa Idi. Bakari amesimama mbele ya pazia lililochorwa maporomoko ya maji, na mimi nimesimama kando yake na gauni langu la vishada, nimemshika vidole viwili. Rhoda akaifunua mashine bapa, akailaza picha kifudifudi juu ya kioo, akafunika. Taa ikapita chini yake polepole. Nilidhani inaliwa. Nikamshika mama buibui, lakini Rhoda akafunua, na picha ilikuwa pale pale, nzima, na wakati huo huo Bakari alikuwa amekwisha tokea kwenye kioo cha kompyuta, hana rangi, anatutazama.

Rhoda akasema inafaa abaki peke yake, watu wasichanganyikiwe. Akaikata picha upande wangu. Nikajiona natoweka. Lakini vidole havikukatika, kwa kuwa vilikuwa vimeshikana na vya Bakari, na kuvitoa ilikuwa lazima kukata na mkono wake. Basi nikabaki mkono tu, mkono mdogo unaotoka pembeni mwa picha bila mwenyewe.

Kisha Rhoda akauliza chini pataandikwa nini. Akasema kwa kawaida huandikwa "Amepotea." Akayapiga maneno hayo ili tuyaone.

Mama hakuwa akisoma maandishi hayo, alisoma ya Kiarabu tu. Akaomba asomewe. Aliposomewa akatikisa kichwa. "Kupotea hupotea mbuzi," alisema. "Mwanangu ajua kwao."

Rhoda akafuta. Akaandika "Anatafutwa," akasoma.

"Anayetafutwa ni mwizi," mama alisema. "Picha hizo ziko kituoni kwa polisi."

Baba alikuwa amesimama mlangoni, viatu mkononi, nusu yake ndani na nusu nje ya pazia. Akasema jina na umri vyatosha, binti wa watu ana kazi nyingine.  Nakumbuka feni ikizunguka, na Rhoda ameinamisha kichwa akimngoja mama, bila kumharakisha. Hatimaye mama akasema, "Andika hivi, mwanangu. Huyu ni Bakari. Umri wake miaka kumi na tisa. Ana mama."

Rhoda alikuwa akipiga chapa kwa vidole vyote, haraka kama mvua juu ya bati. Yale maneno mawili ya mwisho aliyapiga kwa kidole kimoja. Kisha chini yake akaandika maneno yale yale kwa Kiingereza, kwa ajili ya mabaharia.

Nilidhani tumemaliza, lakini mama akafungua fundo la leso yake akatoa picha nyingine. Ilikuwa picha yake mwenyewe, aliyopigwa kwenye harusi ya binti ya dadake, kajitanda leso, anajizuia kucheka. Mama hakuwa mtu wa picha. Zile chache alizopigwa zilikaa ndani ya kasha, na mwanamume asiye maharimu wake hakuwahi kuziona. Akasema anataka iwekwe karatasi ile ile, chini ya Bakari.

Baba akaingia ndani kabisa. Akamuuliza, kwa upole, kama anajua kwamba itabandikwa kwenye nguzo za stima, mahali ambapo vijana huegemea wakitafuna miraa.

"Najua," mama alisema. "Akifika mji wa watu akaiona karatasi hii, uso wake mwenyewe utamfaa nini? Aone wangu."

 Chini ya picha hiyo mama akataka paandikwe, "Huyu ndiye mama mwenyewe. Bado yuko nyumba ile ile."

Printa ilikuwa ikitoa karatasi kwa vishindo vidogo, mstari kwa mstari. Bakari alitoka nywele kwanza, kisha paji, kisha macho, na mama akawa anamwinamia kama mkunga. Lakini karatasi ilipokamilika Rhoda akashika mdomo. Maneno yalikuwa yamehama. Chini ya uso wa mama palisomeka kwamba huyu ni Bakari, umri wake miaka kumi na tisa. Rhoda akasoma kwa sauti huku akiona haya. Mama akacheka. Baba naye akacheka. Ndiyo mara ya kwanza nyumba yetu kucheka tangu hamri yangu kuliwa, ingawa hatukuwa nyumbani. Ndipo Rhoda akachora visanduku viwili na kufungia kila picha pamoja na maneno yake, akanionyesha jinsi anavyoweza kukivuta kisanduku huku na huku na maneno yakifuata. Alinipa hata mimi nivute. Nikampandisha Bakari juu kabisa ya ukurasa, nikamteremsha, naye na jina lake hawakuachana.

Karatasi zile tulizibandika kuanzia sokoni mpaka kivukoni, na nyingine baba alikwenda nazo bandarini. Kila meli iliyofunga gati, alipomaliza zamu yake, alisimama chini ya ngazi na kuwangoja mabaharia wateremke. Aliwapa karatasi, akawaomba waibandike bandari watakayofika. Alijifunza kusema "mwanangu" kwa lugha ambazo hata hakujua ni za nchi gani. Wengine walizikunja wakazitia mfukoni kwa heshima. Nyumbani alimsimulia mama kila jioni, hii imekwenda Karachi, hii imekwenda Durban, na mama akawa anarudia majina ya miji hiyo jikoni kama anayehesabu tasbihi.

Nami nilikuwa na fahari yangu. Shuleni watoto waliuliza ule mkono wa nani, nikawaambia wangu. Niliona kwamba mimi ndiye niliyetumwa. Maadamu vidole vyangu vimemshika kule aliko, hawezi kwenda mbali zaidi.

Rhoda alituwekea kazi hiyo kwenye disketi, akatuonya isipate joto wala vumbi. Mama akaizungushia kitambaa, akaiweka ndani ya kasha pamoja na udi wake. Nilikuwa nikiitoa kwa siri, naitia sikioni. Nilijua yumo ndani, na nilidhani nikisikiliza vya kutosha nitamsikia akipumua.

Bakari alizaliwa Mfungo Sita, wiki ya Maulidi. Ulipoingia Mfungo Sita wa kwanza tangu aondoke, mama aliitoa disketi kwenye kasha, tukaenda kwa Rhoda, akamwambia abadilishe umri uwe ishirini. Alisema haifai karatasi iseme uongo, mtu akimwona kijana wa miaka ishirini atadhani siye. Rhoda akabadilisha. Picha ikabaki ile ile, na tukabandika upya.

Miezi michache baadaye alikuja Rajabu. Rajabu alikuwa mmoja wa wale vijana watatu, mtoto wa Mtongwe, aliyezoea kuja kwetu kumwita Bakari kwa mluzi. Alirudishwa kwa ndege kutoka Afrika Kusini baada ya kufungwa huko. Mama alikuwa amekwenda kumjulia hali mzazi, jirani aliyejifungua. Ilikuwa baada ya Alasiri, baba ameketi barazani, na mimi nilitumwa kuleta kahawa. Sikumjua mara moja. Alikuwa amevaa sweta juani, shingo imekonda, na alikuwa akimtazama baba magoti badala ya uso.

Alisema yeye alijificha juu, ndani ya mashua iliyofunikwa turubai. Bakari na yule mwingine walikuwa chini kwenye mizigo. Wao ndio waliopatikana.

"Wakawafanyeje?" baba aliuliza.

"Wakawashusha, mzee."

"Wapi?"

"Njiani."

"Bandari gani, mwanangu?"

Rajabu akavuta mikono ya sweta ikamfunika viganja. Kisha akasema, "Hapakuwa na bandari, mzee. Hapakuwa na nchi."

Kikombe cha baba kikainama, na kahawa ya moto ikamwagika pajani mwake, ikapenya kikoi. Hakushtuka. Alikaa vile vile, mkono umeinama, mpaka kikombe kikaisha.

Nami nilikuwa nimesimama na birika, moyo unanienda mbio kwa furaha. Bakari ameshuka. Hakuna hata moja katika karatasi zetu zote iliyowahi kutuletea habari hata nusu ya hiyo. Ameshushwa njiani, mahali padogo sana, ambapo hapajawa nchi bado. Rajabu alipoaga, baba akanigeukia akaona jinsi nilivyokuwa nikitabasamu.

"Umesikia?" akaniuliza.

"Nimesikia, baba. Bakari ameshuka."

Akafumba macho. Alipoyafumbua alisema, "Usimwambie mamako. Nitamwambia mimi, siku yake ikifika."

Hapo ndipo furaha yangu ilipokamilika. Niliona baba ana mpango. Atakwenda kumchukua, na siku yake ikifika atamleta mlangoni, na mama ataanguka kwa furaha. Sikumwambia mama hata kwa kuota. Shuleni niliomba kushika ramani ya dunia, nikatafuta katika bahari yetu vile vidoa ambavyo havina majina. Nilimchagulia Bakari kimoja, chenye umbo la punje ya mbaazi. Usiku nikilala nilimjengea kibanda huko, nikampandia minazi.

Baba aliacha kusimama chini ya ngazi za meli. Nilidhani ni kwa sababu hana haja tena ya kuuliza, amekwisha jua alipo. Nywele zake ziliota mvi kama ukungu. Akisali alikaa kwenye sijda muda mrefu, hata nilikuwa nikimchungulia nijue kama amelala.

Mfungo Sita ukarudi. Mama akatoa disketi. Baba akasema atakwenda nasi, jambo ambalo tangu siku ya kwanza hakulifanya. Kwa Rhoda alisimama nyuma ya kiti cha mama. Rhoda aliuliza sasa ni ngapi, mama akasema ishirini na moja, amekuwa mtu mzima. Nikautia mkono wangu mkononi mwa baba, nikamtazama na kumkonyeza kwa ajili ya siri yetu. Alinibana vidole mpaka vikaniuma, huku anatazama pazia ambalo halikuwa na chochote cha kutazamwa.

Jioni ile alikwenda kuzibandika mwenyewe. Nilimfuata nimebeba kopo la gundi ya unga. Alibandika nguzo kwa nguzo, bila kuruka hata moja, na kila karatasi aliilainisha kwa kiganja, kuanzia katikati kwenda pembeni, taratibu, ili isibaki na kikunyo usoni. Mara nyingi nimejiuliza, tangu nipate akili, alizipata wapi nguvu za mikono ile.

Nilikuwa darasa la tano nilipokutana na Rajabu kwenye mteremko wa kivuko. Alikuwa akisukuma mkokoteni wa magunia ya vitunguu. Nikamwamkia, akaniuliza habari za nyumbani, na kwa kuwa sasa nilijiona mkubwa, nikamuuliza jambo ambalo lilinikera siku nyingi.

"Kaka Rajabu, pale waliposhushwa kina Bakari panaitwaje? Nimepatafuta kwenye ramani sipaoni."

Aliweka mkokoteni chini. Watu walikuwa wakitupita kushoto na kulia, wakikimbilia feri.

"Hukuambiwa?" alisema.

"Niliambiwa ni siri."

 Kisha akaniinamia, kama mtu anayetaka kumfunga mtoto kamba za viatu, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Dadangu, walishushwa majini. Meli ilikuwa inakwenda."

Nikasema, "Bakari anajua kuogelea."

"Najua," alisema Rajabu. Akachukua gunia tupu lililokuwa begani mwake, akajifunika uso nalo, akasimama vile katikati ya watu mpaka feri ikapiga honi.

Sikumbuki nilivyofika nyumbani. Nakumbuka baba alikuwa uani akitawadha kwa Magharibi. Aliniona uso, akaiweka kata chini kabla ya kumaliza. Hakuniuliza. Alinipisha nafasi juu ya lile jiwe la kutawadhia, nikaketi, na tukakaa pamoja, maji yanamdondoka kwenye viwiko. Ndani mama alikuwa akiimba kwa sauti ya chini huku akikuna nazi. Tangu siku hiyo tukawa wawili wa kuibeba habari ile, na sikuwa nimejua kwamba siri niliyoibeba miaka yote kama zawadi ina uzito ule.

Mfungo Sita uliofuata baba alikuwa na homa. Tulikwenda mama na mimi. Rhoda alikuwa amepata kompyuta mpya na mume mpya, na aliipokea disketi yetu kwa mikono miwili kama kawaida yake. Picha zikafunguka. Bakari na mkono wangu juu, mama chini.

"Sasa ni ishirini na tatu, mama?" Rhoda aliuliza.

 Mama alikuwa ameegemeza mikono mezani, anamtazama Bakari, na uso wake ulikuwa mtulivu, kama wa mtu aliyemaliza kazi ya siku.

"Rudisha kumi na tisa," alisema.

Rhoda alidhani hakusikia vizuri. Akamgeukia.

"Rudisha, mwanangu. Hakuipita hiyo."

 Rhoda aliangalia vitufe muda mrefu, kisha akafuta namba, akaandika ile ya kwanza. Machozi yalimdondoka juu ya mkono naye hakuyafuta. Mama akamwomba atoe karatasi moja tu. Akaikunja mara mbili, akaitia kifuani.

Njiani nilimuuliza ni nani aliyemwambia. Akasema hakuna aliyemwambia. "Babako alikuwa akiuliza kila meli. Mwaka ule alipoacha kuuliza, nilijua."

Nikamuuliza, basi kwa nini miaka yote hiyo tumekuja kubadilisha umri.

"Nilimwona hajawa tayari kuniambia," alisema mama. "Nikasema nimngoje."

Baba alikuwa barazani, amejifunika shuka kwa homa. Mama hakuvua buibui. Aliketi kando yake, palepale nje, watu wakipita, akamwambia, "Baba Bakari, tumsomee mtoto."

Baba hakuuliza mtoto gani. Aliinama, na sauti iliyomtoka sikuwahi kuisikia kwake, sauti kavu, ya kukatikakatika. Mama akamlaza kichwa mapajani mwake. Yule mama ambaye hakupenda kuonekana alikaa barazani mpaka adhana, amemshika mumewe kichwa, na majirani waliopita waliamkia wakiwa wametazama chini.

Ijumaa yake kaka yangu aliswaliwa msikitini swala ya ghaibu, ya maiti asiyekuwepo. Baada ya hapo watu wakaja kwetu kwa hitima. Wanaume walijaa ukumbini, wanawake ndani nyuma ya pazia, nami nilikuwa kwenye upenu kati ya pande mbili hizo, nikipokeza vikombe. Walipomaliza kusoma, mwalimu wa chuo aliinua mikono kwa dua, akamgeukia baba ili amtajie jina la marehemu.

Baba alifungua mdomo. Hakukutoka kitu. Alijaribu tena. Mikono ya watu ilikuwa imeinuliwa, wote wanangoja, na nilisikia kikohozi cha mtu mmoja kikizuiwa.

Ndipo mama alipolitaja, kutoka nyuma ya pazia. Hakulitaja kwa kilio. Alilitaja kwa sauti kubwa, ya kuvuta, ile aliyokuwa akiitumia adhuhuri chakula kikiwa tayari na Bakari yuko maskani na wenzake, ili limfikie.

"Bakari."

Ukumbi mzima ukainamisha vichwa. Nami, kwa mazoea, nikageuka kutazama mlangoni.